Wakaao Chini ya Mto

Tangazo lilitoka usiku wa manane, kuamkia Jumamosi ya tarehe 2 Agosti 2014. Wakazi wa Toledo, katika jimbo la Ohio nchini Marekani, waliambiwa wasinywe maji ya bomba, wasiyapikie, wasisukutulie. Na wasiyachemshe. Onyo hilo la mwisho ndilo lililowachanganya wengi, maana kila mzazi amelelewa akijua kwamba maji yakitiliwa shaka huchemshwa. Safari hii kuchemsha kungezidisha balaa. Sumu iliyokuwamo, mikrosistini, haiondolewi na moto. Maji yakipungua kwa mvuke, sumu hubaki sufuriani na kukolea.

Kulipopambazuka rafu za maduka zilikuwa tupu. Watu walivuka mpaka kuingia jimbo la Michigan kutafuta maji ya chupa, na askari wa akiba wakaletwa kugawa maji. Watu wapatao nusu milioni waliishi hivyo hadi Jumatatu, tena kando ya Ziwa Erie, mojawapo ya maziwa makubwa ya maji baridi duniani. Siku hiyo meya wa jiji, D. Michael Collins, alikunywa glasi ya maji mbele ya umma kuonyesha kwamba hatari imepita.

Mitambo ya jiji haikuwa imeharibika. Sumu ilitengenezwa ziwani na sianobakteria, vijidudu vinavyoutanda uso wa maji kama rangi ya kijani pale fosforasi inapozidi. Fosforasi nayo iliteremka na mto Maumee, kutoka mashamba ya mahindi na soya na mazizi ya mifugo. Bonde la Maumee limeingia majimbo matatu: Ohio, Indiana na Michigan. Meya wa Toledo anaweza kumtoza faini mwenye gereji anayemwaga oili chafu kwenye mtaro wa mjini. Kwa mkulima wa Indiana hana amri yoyote, hata kama mbolea ya mkulima huyo ndiyo inayofunga mabomba ya Toledo.

Kuna historia nyuma ya fosforasi hiyo. Hadi katikati ya karne ya 19, nchi iliyo kusini-magharibi mwa Toledo ilikuwa kinamasi kikubwa, upana wake kama kilomita 60 na urefu wake karibu 190, chenye misitu iliyosimama ndani ya maji na mbu wasio na hesabu. Walowezi walikikausha kwa mitaro na mabomba ya udongo yaliyofukiwa mashambani, na udongo mweusi ulioachwa ukawa wa rutuba kubwa. Ohio imepoteza takriban asilimia 90 ya ardhioevu iliyokuwa nayo mwishoni mwa karne ya 18. Pamoja na mbu, ilipoteza kazi iliyokuwa ikifanyika bure: kinamasi hupunguza kasi ya maji, huyatua matope, na mimea yake hufyonza fosforasi na nitrati kabla hazijafika mtoni. Kazi hiyo sasa inafanywa na mitambo. Toledo imetumia mamia ya mamilioni ya dola kuukarabati mtambo wake mkuu wa maji.

Mwaka 2019 makamishna wa kaunti ya Lucas, ambayo makao yake makuu ni Toledo, waliungana na kituo cha mawakili wa mazingira chenye makao Chicago, wakaenda mahakamani. Waliyemshtaki ni Wakala wa Ulinzi wa Mazingira wa serikali kuu, EPA. Walitaka Wakala uibane Ohio iweke kiwango cha juu cha uchafu unaoweza kuingia upande wa magharibi wa ziwa. Jimbo lilitengeneza mpango, Wakala ukauidhinisha mwaka 2023, na mwaka uliofuata kaunti na jiji vikarudi mahakamani vikisema mpango wenyewe ni dhaifu.

Kesi za namna hiyo hazisikiki sana. Katika siasa za Marekani, habari iliyozoeleka ni ya diwani au kamishna anayelalamika kwamba Washington inamwingilia. Kaunti ya Lucas ilikwenda mahakamani kulalamika kwamba Washington haiingilii vya kutosha. Sababu yake ni ya kijiografia kuliko ya kichama. Serikali ya mtaa ndiyo inayoletewa bili ya maji machafu, ndiyo inayopigiwa simu nyumba zikifurika, lakini mamlaka yake yanakoma kwenye mpaka wa ramani, na maji yameanza safari mbali juu ya mpaka huo. Anayekaa chini ya mto anahitaji mtu mwenye nguvu juu ya pande zote mbili.

Miji ilianza kulisema hilo kabla sheria haijakuwapo. Tarehe 22 Juni 1969, mto Cuyahoga unaokatiza jiji la Cleveland uliwaka moto. Mafuta na taka zilizokuwa zikielea chini ya madaraja ya reli zilishika, na moto ukazimwa kwa muda mfupi, hasara ikikadiriwa kuwa dola 50,000. Mto huo ulikuwa umeungua mara nyingi tangu karne ya 19. Moto wa mwaka 1952 ulikula mali ya zaidi ya dola milioni moja. Tofauti ya 1969 ilikuwa meya. Carl Stokes alikuwa Mmarekani Mweusi wa kwanza kuchaguliwa kuongoza jiji kubwa nchini humo, na kesho yake aliwachukua waandishi wa habari akawatembeza kando ya mto, akiwaonyesha kinachotiririka kutoka kila bomba na nani mwenye bomba lenyewe.

Stokes alikuwa na haki ya kuonyesha kidole, kwa sababu wapiga kura wake walikuwa wametimiza wajibu wao. Novemba 1968 walikubali jiji likope dola milioni 100 kwa ajili ya kuusafisha mto. Lakini viwanda vilivyoumwagia taka vilikuwa na vibali kutoka serikali ya jimbo la Ohio, na vitongoji jirani vilikuwa na majitaka yao. Jiji lililipa, huku ruhusa ya kuchafua ikitolewa kwingine. Malalamiko hayo aliyafikisha hadi Bunge la Marekani, ambako ndugu yake Louis alikuwa ameingia mwaka huohuo wa moto.

Oktoba 1972 Bunge lilipitisha Sheria ya Maji Safi. Rais Richard Nixon aliikataa kwa hoja kwamba gharama yake ni kubwa mno. Seneti ikaupitisha tena mswada kwa kura 52 dhidi ya 12, na Baraza la Wawakilishi kwa kura 247 dhidi ya 23. Hesabu za namna hiyo hazionekani tena Washington. Kwa mameya sheria ilikuja na mambo mawili kwa pamoja. La kwanza lilikuwa fedha: serikali kuu ilikubali kulipa hadi asilimia 75 ya gharama za kujenga mitambo ya kusafisha majitaka. La pili lilikuwa amri: hakuna kumwaga uchafu kutoka bombani bila kibali, na hakuna kufukia mto, kijito au ardhioevu bila kibali cha Kikosi cha Wahandisi wa Jeshi, ambacho EPA inaweza kukizuia.

Ila amri hiyo ilihusu maji yapi? Sheria ilitaja maji yanayopitika kwa vyombo, kisha ikayafafanua kuwa ni maji ya Marekani, bila kuongeza mengi. Ndani ya maneno hayo machache kumekuwa na ugomvi wa nusu karne. Mto Mississippi hauna shaka. Je, kijito kinachouingia? Je, kinamasi kilicho kando ya kijito hicho? Je, korongo linalopitisha maji siku chache kwa mwaka? Ukiacha Alaska, karibu asilimia 60 ya urefu wa vijito vyote vya Marekani ni vya msimu au vya mvua tu. EPA ilikadiria kwamba Wamarekani milioni 117, mmoja kati ya watatu, hupata maji ya kunywa kutoka mifumo inayotegemea kwa sehemu vijito vya aina hiyo au vile vya chanzoni mwa mito.

Mwaka 1985 Mahakama ya Juu ilikubali kwa sauti moja kwamba ardhioevu iliyopakana na mto inalindwa. Ufa ulionekana mwaka 2001, na walioufungua, jambo la kufikirisha, walikuwa serikali za mitaa zenyewe. Miji midogo na vijiji 23 vya pembeni ya Chicago vilikuwa vimeungana kutafuta mahali pa kuzika takataka. Walipata machimbo ya zamani ya mchanga na kokoto, ambayo mashimo yake yalikuwa yamegeuka mabwawa na kuvutia aina 121 za ndege. Wahandisi wa Jeshi wakawanyima kibali cha kuyafukia. Miji ikashtaki, na kwa kura 5 dhidi ya 4 Mahakama ikaamua kwamba mabwawa yaliyojitenga, yanayolindwa kwa sababu tu ndege wahamao huyatumia, hayamo ndani ya sheria ya shirikisho.

Jalala hilo halikujengwa kamwe. Hukumu ilibaki, na kote nchini mabwawa na vinamasi vilivyo mbali na mito vikapoteza kinga. Kilichofuata hapohapo jirani kinastahili kutazamwa. Kaunti ya Lake, iliyo kaskazini mwa Chicago, yenye ziwa Michigan upande mmoja na madimbwi mengi ya tangu enzi ya barafu, ilirekebisha kanuni zake za maji ya mvua mwaka huohuo wa 2001, ikavichukua chini ya ulinzi wake vinamasi ambavyo serikali kuu ilikuwa imeviachia. Mjenzi anayetaka kukifukia kimojawapo analazimika kwenda kwa kaunti. Huo ni mfano mzuri wa kaunti yenye wataalamu, yenye kodi ya majengo ya maana na yenye jimbo lisiloifunga mikono. Kaunti nyingi hazina hata kimoja kati ya hivyo vitatu.

Majimbo ndiyo hufunga mikono. Uchunguzi wa Taasisi ya Sheria ya Mazingira mwaka 2013 ulikuta kwamba majimbo 36 yalikuwa na sheria zinazoweza kuzuia kwa namna fulani maji yasilindwe zaidi ya Washington inavyotaka. Katika majimbo hayo mstari wa shirikisho, ambao ulikusudiwa kuwa kima cha chini, hugeuka pia kuwa kikomo cha juu. Serikali kuu ikiushusha, unashuka kwa wote, na halmashauri ya mji mdogo haina pa kusimama.

Mwaka 2006 Mahakama ya Juu ilijaribu tena kuamua ni maji yapi, ikagawanyika: majaji wanne huku, wanne kule, na mmoja, Anthony Kennedy, katikati. Kennedy alisema ardhioevu ilindwe ikiwa ina uhusiano wa maana na mto mkubwa. Ilikuwa kauli ya busara ila ngumu kuitumia uwandani, kwani kila kinamasi kilihitaji mtaalamu wake na wakili wake. Serikali ya Barack Obama ilitaka kulimaliza hilo kwa kanuni. EPA ilipitia machapisho zaidi ya 1,200 ya kisayansi kuhusu namna vijito na vinamasi vinavyoungana na mito, na Mei 2015 ikatoa Kanuni ya Maji Safi.

Hapo serikali za mitaa ziligawanyika waziwazi, na haitakuwa haki kuonyesha upande mmoja tu. Chama cha Taifa cha Kaunti, kinachozisemea kaunti zaidi ya 3,000, kilipinga. Hofu yake ilikuwa mitaro. Kaunti humiliki karibu nusu ya barabara za umma za Marekani, na barabara nyingi zina mitaro. Mhandisi wa kaunti aliuliza kama atahitaji kibali cha Jeshi kuondoa tope kwenye kalvati kabla ya mvua, na nani atalipa mafuriko yakija wakati kibali bado kiko mezani. Swali hilo lilikuwa la kweli. Kamati ya ushauri ya serikali za mitaa iliyo chini ya EPA ililipeleka mbele, na kanuni ya mwisho ikaitoa mitaro mingi na miundombinu ya maji ya mvua nje ya ulinzi, kwa maneno ya wazi. Wengi wa waliopinga hawakuridhika. Kanuni ilisimamishwa na mahakama miezi michache baadaye, na serikali ya Donald Trump ikaifuta mwaka 2019.

Hata miji inayojiona rafiki wa mazingira hubadilika jembe likiwa mkononi mwake. Kaunti ya Maui, Hawaii, ilikuwa ikisukuma mamilioni ya galoni za majitaka yaliyosafishwa chini ya ardhi kila siku kupitia visima karibu na Lahaina. Watafiti walitia rangi kwenye visima hivyo. Baada ya siku 84 ikatokea baharini, kwenye matumbawe. Kaunti ilidai kwamba maji yaliyopita ardhini hayahitaji kibali. Septemba 2019 madiwani wake walipiga kura 5 kwa 4 kuimaliza kesi nje ya mahakama, lakini meya akagoma, na Aprili 2020 Mahakama ya Juu ikaamua dhidi ya kaunti kwa kura 6 kwa 3. Miaka mitano baadaye jiji la San Francisco liliishinda EPA katika Mahakama hiyohiyo, likipunguza masharti ya kibali cha majitaka yake. Mambo haya hayafuti hoja ya Toledo. Yanaonyesha kwa nini sheria haiwezi kuachiwa mapenzi ya kila mji, kwa kuwa mji uleule huwa chini ya mto mmoja na juu ya mwingine.

Miji inayozingatia hesabu za muda mrefu hufika mahali pengine. Katika miaka ya 1970, mto Charles unaopita Boston ulikuwa ukihitaji kinga ya mafuriko. Wahandisi wa Jeshi, ambao kazi yao ya jadi ni kumwaga zege, walipima bonde la juu wakaona kwamba vinamasi vyake vilikuwa tayari vinashikilia maji ya mafuriko na kuyaachia polepole. Bunge liliwaruhusu mwaka 1974, na ndani ya miaka iliyofuata walipata zaidi ya hekta 3,200 za ardhioevu, kwa kuzinunua au kununua haki ya kuzuia zisijengwe. Gharama ilikuwa kama sehemu moja ya kumi ya bwawa na kuta ambazo zingehitajika. Vinamasi hivyo vimo ndani ya miji midogo ambayo yenyewe haifuriki sana. Anayefaidika ni jirani wa chini. Mji mdogo wa juu usingenunua kinamasi ili kuiokoa Boston. Fedha za taifa zilihitajika.

Lakini kesi inayosomesha kuliko zote imo jangwani, katika kaunti ya Pima, Arizona, ambako mji mkuu ni Tucson. Huko asilimia 94 ya vijito vya jimbo ni vya msimu au vya mvua tu. Msomaji wa Dodoma au wa Garissa anayajua makorongo ya aina hiyo: mchanga mkavu mwaka mzima, kisha mvua moja mlimani, na ukuta wa maji unaobeba magogo na magari. Oktoba 1983 mvua za siku kadhaa ziliujaza mto Santa Cruz na makorongo yanayouingia. Kingo zilimeguka, nyumba na madaraja vikaenda na maji. Kaunti ilijifunza kwa gharama kubwa kwamba korongo kavu ni mto uliolala. Tangu wakati huo mamlaka yake ya kudhibiti mafuriko imekuwa ikinunua ardhi iliyo kwenye njia ya maji na kuwahamisha watu, na mwaka 1986 ilianzisha hifadhi ya kijito cha Cienega, mojawapo ya vijito vichache vya eneo hilo vyenye maji ya kudumu. Mwaka 2004 wapiga kura waliongeza hatifungani ya dola milioni 174 kwa ajili ya ardhi ya wazi.

Kaunti hiyo pia ilisafisha uchafu wake yenyewe. Ilitumia karibu dola milioni 600 kuboresha mitambo miwili ya majitaka inayomimina kwenye Santa Cruz. Mwaka 2017 wanabiolojia walikuta kwenye mkondo huo kisamaki kidogo kiitwacho Gila topminnow, ambacho hakikuwa kimeonekana sehemu hiyo ya mto kwa miaka 70 hivi. Maji yaliyotoka vyooni yalikuwa yameanzisha upya mto.

Kwa hiyo kampuni ya madini ilipotaka kuchimba shaba kwenye milima ya Santa Rita, kusini-mashariki mwa Tucson, kaunti ilijua nini kiko hatarini. Mradi wa Rosemont ulikuwa wa shimo la wazi lenye upana wa kama kilomita 1.6, na kifusi chake kingefukia makorongo yanayoshuka kuelekea korongo la Davidson na kijito cha Cienega. Kaunti haikuwa na nguvu ya kuuzuia. Sheria ya Arizona inaiondoa migodi kwenye mamlaka ya kaunti ya kupanga matumizi ya ardhi. Mlango uliobaki ulikuwa kibali cha shirikisho cha kufukia makorongo. Kwa miaka mingi wahandisi na wanasayansi wa kaunti waliiandikia ofisi ya Wahandisi wa Jeshi uchambuzi baada ya uchambuzi: kiasi cha maji kitakachopungua, matope yatakayoteremka, udhaifu wa mpango wa kampuni wa kufidia makorongo yatakayopotea. Mwaka 2016 ofisi ya Wahandisi mjini Los Angeles ilipendekeza kibali kikataliwe. Machi 2019 wakubwa wa ofisi hiyo wakakitoa.

Julai mwaka huohuo jaji wa shirikisho aliusimamisha mgodi kwa sababu nyingine, iliyohusu sheria ya madini, na mahakama ya rufaa ikamuunga mkono mwaka 2022. Ila kabla ya hapo jambo jingine lilikuwa limetokea kwa kimya. Mwaka 2020 kanuni mpya ya serikali ya Trump iliyatoa makorongo yanayotiririka baada ya mvua tu nje ya ulinzi wa shirikisho, na Machi 2021 Wahandisi wa Jeshi wakatangaza kwamba makorongo ya Rosemont hayawahusu tena. Makorongo hayakuwa yamehama. Agosti 2021 jaji wa Tucson, katika kesi iliyofunguliwa na makabila ya asili likiwemo la Pascua Yaqui, aliifuta kanuni hiyo, akitaja athari zake hasa kwa nchi kame za kusini-magharibi.

Nafuu hiyo haikudumu. Tarehe 25 Mei 2023 Mahakama ya Juu ilitoa hukumu ya kesi ya Sackett, iliyotokana na kiwanja cha mume na mke karibu na ziwa Priest, Idaho. Majaji wote tisa walikubali kwamba kiwanja hicho hakikulindwa na sheria. Kwa sababu zake waligawanyika 5 kwa 4. Watano, kwa kalamu ya jaji Samuel Alito, waliamua kwamba ardhioevu inalindwa tu ikiwa imeshikana na mto au ziwa kwa maji ya juu kiasi kwamba ni vigumu kuona kimoja kinaishia wapi, na kwamba vijito vinavyolindwa ni vile vyenye maji ya kudumu kwa kiasi fulani. Jaji Brett Kavanaugh, ambaye ni mhafidhina kama Alito, alikataa kufuata hoja hiyo. Alitaja mto Mississippi, ambako matuta ya kuzuia mafuriko yanatenganisha mto na ardhioevu yake. Kwa kipimo cha wenzake, tuta lililojengwa ili kuilinda miji lingeondoa kinga ya kinamasi kilicho nyuma yake. EPA yenyewe ilikadiria kwamba hadi asilimia 63 ya ardhioevu ya nchi huenda ikaathirika.

Majimbo yalikwenda kila moja na njia yake. North Carolina, wiki chache baada ya hukumu, ilipitisha sheria inayozuia jimbo kulinda ardhioevu ambazo serikali kuu haizilindi, bunge lake likipuuza kura ya turufu ya gavana Roy Cooper. Colorado ilifanya kinyume: mwaka 2024 ikawa ya kwanza kutunga utaratibu wake kamili wa vibali kujaza pengo. New Mexico, ambako nchi kame inafanana na ya Pima, ilifuata mwaka 2025. Arizona ilikuwa imetunga sheria yake mwaka 2021, yenye orodha ya maji yanayolindwa, lakini makorongo ya mvua hayamo.

Novemba 2025 EPA na Jeshi walipendekeza kanuni nyingine inayopunguza ulinzi zaidi ya hukumu ya Sackett ilivyolazimisha. Kampuni iliyokuwa na Rosemont ilikwisha kukirudisha kibali chake cha shirikisho na kuhamishia mipango yake upande wa pili wa milima ileile, kwenye ardhi yake binafsi, kwa jina la Copper World. Ilipata kibali cha jimbo cha maji ya chini ya ardhi Agosti 2024, na cha hewa Januari 2025. Kibali cha kufukia makorongo hakihitajiki. Kaunti ya Pima bado inaipinga migodi kwenye milima hiyo, bado inamiliki hifadhi ya Cienega, na bado ndiyo itakayopigiwa simu na watu wa mabondeni mvua za Julai zikishuka. Barua za wahandisi wake kuhusu makorongo yanayofukiwa sasa hazina ofisi ya shirikisho inayolazimika kuzijibu.